Nati, Kalibu na Daftari: Historia ya Vipuri vya Magari ya Kale ya Uingereza

Kati ya 1962 na 1980 yaliundwa magari zaidi ya 500,000 ya aina ya MGB, na makao ya kazi hiyo yalikuwa kiwanda cha Abingdon, mji mdogo ulio kusini mwa Oxford nchini Uingereza. Kiwanda kilifungwa Oktoba 1980, kampuni iliyokimiliki ikagawanywa na kuuzwa vipande vipande, lakini mwenye MGB iliyoliwa na kutu anaweza hata leo kuagiza bodi nzima mpya ya bati, iliyoshindiliwa kwa kalibu za awali, kisha akahamishia humo injini, ekseli na mitambo mingine ya gari lake. Jambo hilo ni nadra katika historia ya magari, kwa kuwa magari mengi ya umri huo, yakiwemo yaliyokuwa ghali na bora kuliko MGB, hufia gereji pale kipuri kimoja muhimu kinapokosekana.

Maelezo ya hali hiyo yanapatikana katika tabia ya viwanda vya Uingereza vyenyewe. Viwanda hivyo vilichelewa kubadilisha mitambo, vilitumia injini ileile kwa miongo mingi, na vilinunua vifaa kwa wagavi walewale waliowauzia pia washindani wao. Tabia hiyo ya kubana matumizi ilichangia kuviangusha viwanda hivyo sokoni, lakini ndiyo iliyowawezesha mafundi wa vizazi vilivyofuata kupata vipuri vinavyooana na magari yao, yaani vipuri vinavyokaa mahali pake bila kukatwa, kupigwa tupa wala kulazimishwa.

Hesi na spana

Kikwazo cha kwanza cha fundi wa magari haya ni hesi, yaani mikato inayouzunguka mwili wa bolti na kuiwezesha kukaza ndani ya nati. Mwanzoni mwa karne ya 19 kila karakana ilikata hesi kwa kipimo chake, na bolti iliyopotea haikuweza kubadilishwa kwa nyingine isipokuwa iliyotengenezwa na karakana ileile. Mwaka 1841 mhandisi Joseph Whitworth, aliyekuwa na karakana Manchester, alikusanya bolti kutoka karakana nyingi, akatafuta wastani wa vipimo vyake, kisha akawasilisha mjini London pendekezo kwamba hesi zote zikatwe kwa pembe ya nyuzi 55, na kwamba idadi ya mikato katika kila inchi ipangwe kufuatana na unene wa bolti. Mfumo wake ulienea kote katika himaya ya Waingereza. Mwaka 1884 uliongezewa mfumo wa skrubu ndogo ulioitwa BA, wenye pembe ya nyuzi 47.5 na vipimo vilivyotokana na milimita, na mwaka 1908 mfumo wa BSF, ambao mikato yake ni ya karibukaribu zaidi na hivyo hailegei upesi katika mashine zinazotikisika.

Kwa hiyo gari la Kiingereza la miaka ya 1930 lilikuwa tayari na mifumo mitatu ya hesi ndani yake, lakini magari ya familia ya Morris yaliongeza wa nne kwa njia ya ajabu. William Morris, aliyeanza kazi kwa kutengeneza baiskeli mjini Oxford, alikuwa akinunua injini kwa wengine, na kwa gari lake la Cowley la mwaka 1915 aliagiza injini za kampuni ya Continental ya Detroit, Marekani. Injini hizo zilipoacha kupatikana baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Morris aliigeukia kampuni ya Kifaransa ya Hotchkiss, ambayo wakati wa vita ilikuwa imefungua kiwanda cha silaha Coventry, na ambayo sasa ilikuwa na mitambo isiyo na kazi. Hotchkiss ilinakili injini ya Marekani, lakini mitambo yake ilikata hesi za Kifaransa za milimita, na kwa kuwa mafundi wa Uingereza walikuwa na spana za Whitworth tu, bolti hizo za milimita zilipewa vichwa vya kipimo cha Whitworth.

Morris alikinunua kiwanda hicho mwaka 1923, na kwa kuwa kubadilisha mitambo yote kungegharimu fedha nyingi, hesi hizo za mseto ziliendelea kukatwa kwa zaidi ya miaka 30. Zimo katika injini ya XPAG iliyoendesha magari ya MG, ya familia hiyo ya Morris, ya aina za TC na TD, ambayo ndiyo yaliyoipatia MG umaarufu nchini Marekani, na katika magari ya MG ziliisha tu pale gari la TF lilipoachwa mwaka 1955. Fundi asiyeijua historia hiyo huona kichwa kinachopokea spana ya Whitworth, akadhani bolti yote ni ya Whitworth, akaingiza bolti mpya ya kipimo hicho na kuvuruga hesi za injini. Anayejua kwamba ni ya milimita naye hajasalimika, kwa sababu bolti ya milimita 8 katika injini hiyo hupiga hatua ya milimita 1 kwa kila mzunguko, wakati bolti ya kawaida ya unene huo madukani leo hupiga hatua ya milimita 1.25.

Vita Kuu ya Pili vilidhihirisha hasara ya kila taifa kuwa na hesi zake, kwa kuwa silaha na mitambo ya Marekani na ya Uingereza haikuweza kutengenezwa kwa bolti moja. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilikubaliana juu ya mfumo wa pamoja wenye pembe ya nyuzi 60, na viwanda vya magari vya Uingereza viliuchukua hatua kwa hatua katika miaka ya 1950. Mpito huo haukuwa safi. Bolti nene ya inchi 3/8 ina mikato 16 kwa inchi katika mfumo wa Whitworth na pia katika mfumo wa pamoja, kwa hiyo moja huingia katika nati ya nyingine na kuonekana imekaza, ilhali pembe zake hazilingani na mzigo wote unabebwa na kingo nyembamba za chuma. Hata katika MGB ya 1962, ambayo bolti zake nyingi ni za mfumo wa pamoja, skrubu ndogo za kabureta na za vifaa vya umeme ziliendelea kuwa za BA. Spana nazo zilitofautiana kimantiki, kwani spana ya Whitworth huandikwa unene wa bolti, wakati spana ya inchi iliyoifuata huandikwa upana wa kichwa, hivyo spana mbili zenye tarakimu moja hazishiki nati moja.

Gari lenye wagavi wengi

Njia ya Morris ya kununua badala ya kuunda haikuwa yake peke yake. Gari la kawaida la Uingereza la katikati ya karne ya 20 lilikuwa na dinamo, taa na swichi za Lucas ya Birmingham, kabureta ya SU, breki za Girling au Lockheed, mita za Smiths na tairi za Dunlop, hata kama bodi yake ilibeba nembo ya Triumph, Austin, Jaguar au MG. Kabureta ya SU, iliyobuniwa na George Herbert Skinner mwanzoni mwa karne hiyo, ni mfano mzuri, kwani ufundi wake ni wa pistoni inayopanda na kushuka kufuatana na nguvu ya hewa inayovutwa na injini, huku sindano iliyo chini yake ikiongeza au kupunguza petroli. Kampuni nyingi ziliitumia kabureta hiyohiyo kwa kubadilisha tu ukubwa wake, sindano na springi, na kwa sababu soko la vipuri vyake lilikuwa pana kuliko soko la gari lolote moja, kabureta hizo na sehemu zake bado zinatengenezwa Salisbury, kusini mwa Uingereza, na kampuni iliyolirithi jina la SU.

Ushirikiano ulizidi mwaka 1952, Austin ilipoungana na kundi la Morris kuunda British Motor Corporation, iliyojulikana kwa herufi BMC. Injini mbili za Austin zilifanywa nguzo za kampuni nzima. Injini ndogo, iliyoitwa A, ilianza na sentimita za ujazo 803 katika Austin A30 ya 1951, ikaingia katika Morris Minor, Mini na MG Midget, na haikuachwa hadi Mini ya mwisho ya muundo wa zamani ilipotoka kiwandani mwaka 2000. Injini kubwa zaidi, iliyoitwa B, iliendesha MG Magnette, MGA, Morris Oxford na Austin Cambridge, na ilipofika katika MGB ilikuwa imeongezwa hadi sentimita za ujazo 1,798. Kwa mwenye gari la michezo faida ilikuwa kubwa, maana sehemu nyingi za injini yake zilikuwa za ukoo uleule na zile za gari la familia lililouzwa kwa wingi mara kadhaa zaidi. Wakosoaji walioilaumu BMC kwa kung'ang'ania injini iliyopitwa na wakati walisema kweli kwa upande wa biashara ya magari mapya, ila miaka mingi ya injini moja ilirundika akiba ya vipuri na ujuzi ambayo hakuna gari la toleo la miaka mitatu lingeweza kuipata.

Ushirikiano huo ulivuka hata mipaka ya nchi. Nchini India, kiwanda cha Hindustan Motors kilichoko Uttarpara karibu na Kolkata kiliunda gari la Ambassador kwa kufuata Morris Oxford ya toleo la tatu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 2014. Teksi za Kolkata ziliendelea kuhitaji vipuri vya ukoo wa Morris miaka mingi baada ya barabara za Uingereza kuyasahau magari hayo, na kwa njia hiyo ufundi wa kuviunda haukukatika.

Daftari la mabadiliko

Kuoana kwa vipuri, hata hivyo, hakukuwa kamili ndani ya aina moja ya gari, kwa sababu kiwanda kilibadilisha kitu kidogo kila mara kilipopata njia bora, rahisi au iliyodaiwa na sheria. MGB za kwanza zilikuwa na krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, uliokaa juu ya beringi tatu, lakini kuanzia mwishoni mwa 1964 beringi zikawa tano, na krenki ya injini moja haiwezi kuingia katika nyingine. Mwishoni mwa 1967 gia boksi ilibadilishwa ili gia zote za mbele ziingie bila kukwaruzana, na kwa kuwa boksi hilo jipya lilikuwa kubwa zaidi, handaki la bati linalopita katikati ya sakafu likapanuliwa. Fundi anayetaka kuweka boksi jipya katika bodi ya zamani analazimika kukata bati, na hapo ukarabati unageuka kuwa mabadiliko. Mwaka huohuo dinamo iliondolewa na alteneta ikawekwa, na nyaya za betri zikageuzwa, kwani magari ya awali yalikuwa yameunganisha upande chanya wa betri na bodi, kinyume cha utaratibu wa leo. Redio au kifaa cha kielektroniki cha kisasa kinachofungwa katika gari la 1965 bila kuligundua hilo huungua mara moja.

Sheria za Marekani, lililokuwa soko kubwa kuliko yote, ziliongeza tofauti nyingine. Magari ya huko yalipewa dashibodi yenye mto mnene wa usalama, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 kabureta mbili za SU zilikuwa zimeondolewa na kuwekwa moja ya Zenith-Stromberg ili kupunguza moshi, wakati bampa za kromu ziliachia nafasi bampa nzito nyeusi za mpira na gari likainuliwa ili bampa hizo zifikie kimo kilichoamriwa. Magari mengi ya Marekani yalirudishwa Uingereza katika miongo iliyofuata kwa kuwa hewa kavu ya California ilikuwa imeyakinga na kutu, lakini yalirudi na usukani wa kushoto na mitambo ya moshi, na mafundi wakajikuta wakitafuta seti nzima za vipuri vya kuyageuza yawe ya Kiingereza tena.

Ndiyo maana nambari ya gari imekuwa chombo cha kwanza cha fundi, kabla hata ya spana. Katika nambari inayoanza na GHN3, herufi G inaitaja MG, H inaitaja daraja la ukubwa wa injini, N inaitaja bodi ya wazi ya viti viwili, na tarakimu 3 inaitaja toleo. Gari lenye paa la kudumu hubeba D badala ya N. Vitabu vya vipuri vya kiwanda viliorodhesha kila kipande pamoja na nambari ya gari ambako matumizi yake yalianza na ile yalikoishia, na daftari za uzalishaji, zilizoandikwa wakati gari likitoka kiwandani, zilionyesha rangi, tarehe, injini na nchi lilikopelekwa. Daftari nyingi za namna hiyo zimehifadhiwa Gaydon, katika mkoa wa Warwickshire, kwenye jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1993, na mwenye gari anaweza kuomba hati inayonukuu yaliyoandikwa kuhusu gari lake. Bila kumbukumbu hizo, swali la kama kipuri fulani ni sahihi lingebaki ubishi wa kumbukumbu za watu.

Vyama, masoko na mahakama

Mapenzi ya magari ya kale yalianza mapema Uingereza. Mwaka 1927 safari ya magari ya 1896 kutoka London hadi Brighton ilifufuliwa kwa magari ya zamani, mwaka 1930 kikaundwa chama cha wenye magari ya mwanzo kabisa, na mwaka huohuo MG Car Club ikaanzishwa. Wanachama walibadilishana vipuri kwa barua na majarida, na biashara hiyo ilipata uwanja wake mwaka 1967, pale Lord Montagu alipofungua mnada wa wazi wa vipuri vikuukuu katika shamba lake la Beaulieu, Hampshire. Mnada huo bado hufanyika kila mwaka, na bidhaa inayosakwa zaidi ni vipuri vya akiba ya zamani, yaani vile vilivyotengenezwa na kiwanda chenyewe wakati wake, vikabaki katika boksi bila kutumika.

Akiba hiyo haiongezeki, kwa hiyo wafanyabiashara walilazimika kutengeneza vipya. Nchini Marekani, Al Moss alifungua gereji ya magari ya MG mwaka 1948 huko California, na kampuni yake ya Moss Motors ikakua kutoka kutengeneza magari hadi kuchapisha katalogi za vipuri na kuagiza viundwe upya vile vilivyokwisha. Upande wa Uingereza nako karakana ndogo zilianza kutengeneza sakafu, vizingiti na fenda za bati, nyingi zikiwa zimepimwa kutoka gari moja lililopinda au lililokwisha kukarabatiwa vibaya, na matokeo yake yalikuwa mlango usiofunga na boneti iliyoacha mwanya upande mmoja.

Haki ya kutengeneza vipuri bila idhini ya kiwanda iliamuliwa mahakamani. Kampuni ya British Leyland, iliyoirithi BMC mwaka 1968 na kutaifishwa mwaka 1975, ilidai kwamba michoro ya mabomba ya moshi ya gari lake la Morris Marina ililindwa na hakimiliki, na kwamba kampuni ya Armstrong, iliyonakili mabomba hayo, ilipaswa kulipa. Mwaka 1986 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu ya nchi, liliamua kwamba aliyeuza gari hawezi kutumia hakimiliki kumnyima mnunuzi njia ya kulitengeneza kwa gharama nafuu, na Armstrong ikashinda. Miaka miwili baadaye sheria mpya ya hakimiliki na usanifu iliacha nje ya ulinzi wa usanifu maumbo ambayo kipuri hakina budi kuwa nayo ili kishikane na kifaa kingine. Kesi hiyo ilihusu gari la kawaida lililokuwa bado likitumika barabarani, lakini wafaidika wake wa muda mrefu walikuwa wenye magari ya kale, kwa kuwa biashara yote ya vipuri vya kunakili ilipata msingi wa kisheria.

Kalibu zilizokusanywa

Ubora wa bati ulibaki tatizo hadi kampuni ya British Motor Heritage, iliyotokana na idara ya British Leyland iliyotunza urithi wake, ilipoamua kurudi kwenye chanzo. Bodi ya MGB haina chesisi inayojitegemea. Nguvu zake zimo katika bati lenyewe, hasa vizingiti vilivyo chini ya milango, ambavyo kila kimoja kina tabaka tatu za bati, la nje, la ndani na moja lililojificha katikati. Kutu ikila tabaka la katikati, gari hupinda hata kama rangi ya nje inang'aa. Kalibu za kushindilia mabati hayo, ambazo ni vipande vizito vya chuma vinavyobana bati na kulipa umbo, zilikuwa zimetawanyika katika viwanda na maghala mbalimbali. Kampuni hiyo, chini ya David Bishop, ilizikusanya, ikaziunganisha na vishikizo vya kuchomelea, na mwaka 1988 ikatoa bodi mpya kamili ya MGB katika karakana yake ya Faringdon. Bodi za magari mengine ya ukoo huo zilifuata baadaye, na karakana ikahamia Witney.

Bodi hiyo ilikuwa na ushawishi uliozidi ukarabati. Kampuni ya Rover, iliyokuwa imerithi jina la MG, ilitambua kwamba gari lililozikwa miaka minane kabla ya bodi hiyo kutolewa bado lina wanunuzi, na mwaka 1992 ikatoa MG RV8, gari jipya lenye injini ya silinda nane lililojengwa juu ya bodi iliyotokana na kalibu hizo za zamani. Kwa upande mwingine, bodi mpya ililazimisha mamlaka kueleza gari la kale ni kitu gani. Idara ya usajili wa magari ya Uingereza ilitumia kwa miaka mingi hesabu ya alama, ambapo chesisi au bodi iliyotoka kiwandani au iliyonunuliwa mpya kwa muundo uleule ilipewa alama 5, mfumo wa springi, ekseli, gia na usukani alama 2 kila kimoja, na injini alama 1 tu, na gari lililobadilishwa sana lilihitaji alama 8 ili libaki na nambari yake ya zamani. Injini, ambayo watu wengi huiona kuwa roho ya gari, ilihesabiwa kidogo kuliko vyote, na sababu yake inaeleweka kwa anayekumbuka kwamba injini za BMC zilihamishwa kutoka gari moja hadi jingine tangu siku zilipobuniwa.

Kipuri sahihi katika dunia iliyobadilika

Kuna vipuri ambavyo umbo lake ni sahihi lakini mazingira yake hayapo tena. Vichwa vya injini za A na B vilitengenezwa vikitegemea petroli yenye risasi, ambayo iliacha utando mwembamba unaokinga vikalio vya vali, yaani sehemu ambazo vali hugonga zinapofunga. Petroli hiyo iliondolewa katika vituo vya kawaida vya Uingereza mwanzoni mwa 2000, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa 2006, kwa hiyo fundi anayekarabati kichwa cha injini leo huchimba na kupachika vikalio vya chuma kigumu. Petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli, iliyofanywa ya kawaida Uingereza mwaka 2021, hulainisha mipira ya zamani, kiasi kwamba bomba la petroli la akiba ya zamani, linalothaminiwa mnadani kwa kuwa halijaguswa, ni hatari likifungwa garini. Breki nazo zilibadilika baada ya asbesto kupigwa marufuku mwaka 1999, na vitambaa vya breki vya sasa vina tabia tofauti ya kushika vikiwa baridi. Katika mambo hayo kipuri kilichokopiwa kwa uaminifu kamili si lazima kiwe bora kuliko kilichorekebishwa.

Afrika Mashariki ililifahamu suala hili kupitia Land Rover. Gari hilo lilizinduliwa Amsterdam Aprili 1948, na bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya alumini kwa kuwa chuma kiligawiwa kwa mgao baada ya vita. Mabati yake ya bapa yaliweza kunyooshwa kwa nyundo popote. Serikali, polisi, idara za wanyamapori na misheni ziliyanunua magari hayo kwa wingi, na katikati ya miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland kilianzishwa Thika, Kenya, kuunganisha magari kutokana na vipande vilivyoletwa. Mafundi wa barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na wa Gerezani, Dar es Salaam, walikereza bushi, wakachomelea chesisi na kuhamisha sehemu kutoka toleo moja hadi jingine, wakiongozwa na swali moja la kama gari litafika linakokwenda. Kwao kuoana kulimaanisha kufanya kazi, ilhali kwa mwanachama wa chama cha MG kulimaanisha kufanana na daftari la kiwanda. Njia hizo mbili zilitegemea urithi uleule wa sehemu zilizobadilika polepole, na katika siku za karibuni zimeanza kukutana, kwani magari yaliyotunzwa kwa ajili ya kazi sasa huonyeshwa kwa fahari, kama ilivyokuwa katika tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024.

Kipimo cha hoja hii, kwamba vipuri vilivyotumiwa na magari mengi ndivyo vinavyodumu, ni MG Magnette ya miaka ya 1950, gari la familia lenye milango minne lililotumia injini ya B mapema kuliko MGB. Mwenye gari hilo hupata gaskiti, beringi na sehemu za kabureta bila taabu kubwa, kwa sababu zilitumiwa na magari mengi mengine, lakini akihitaji fenda, mlango au pambo la kromu hana bodi mpya ya kuagiza, na hulazimika kununua gari jingine bovu au kumlipa fundi achonge bati kwa mkono. Ndani ya gari moja, sehemu zilizogawanwa na wengine zimedumu na sehemu zilizokuwa zake pekee zimeadimika, ingawa zote zilitoka kiwandani siku moja na zimepewa matunzo yaleyale na mwenyewe.